Poizoni aivi: maswali tunayoulizana kila mwaka majani yakianza kuchipua

Kuanzia mwisho wa mwezi wa nne mpaka wa kumi simu yangu inajaa picha za majani. Mmoja kapiga nyuma ya nyumba, mwingine pembeni ya uwanja wa mpira, na mama mmoja alinitumia picha ya mwanae kalishika kabisa jani mkononi anauliza "kaka, huu ndo wenyewe?" Nafanya kazi ya kutunza bustani za watu huku Kentucky, Marekani, na watu wetu huku ni wengi, Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya, karibu wote tumekulia sehemu ambayo huu mmea haupo kabisa, kwa hiyo hakuna mzazi wala bibi aliyewahi kutuonya. Mtoto wa hapa anafundishwa tangu chekechea, sisi tunajifunza kwa kuvimba. Ndo mana nimeamua niyaandike majibu yote sehemu moja.

Poizoni aivi ni mmea gani, na shida yake ni nini hasa?

Ni mmea wa porini wa Amerika Kaskazini, kitaalamu Toxicodendron radicans, na una ndugu yake mfupi wa kaskazini na magharibi anaitwa Toxicodendron rydbergii. Unaweza kutambaa chini kama matembele, unaweza kusimama kichaka cha kufika kiunoni, na unaweza kupanda mti mpaka kileleni, mmea ule ule mmoja, ndo mana watu wanachanganyikiwa.

Kinachodhuru ni mafuta yaliyomo ndani yake, kwenye jani, shina, mizizi, hata matunda. Yanaitwa urushioli. Ngozini huyaoni wala huyanusi. Jani likichubuka kidogo tu yanatoka yanashika ngozi, kinga ya mwili inayachukulia kama adui, na baada ya siku moja au mbili unapata vipele, ngozi inavimba, malengelenge yenye maji, na muwasho wa kukunyima usingizi kwa wiki moja mpaka tatu.

Si ni kama upupu tu?

Hapana, na hili swali ni la muhimu kuliko linavyoonekana. Upupu ni zile nywele za kwenye maganda, zikikugusa unajua hapo hapo, unaruka, unakimbilia maji. Poizoni aivi unaigusa leo saa nne asubuhi husikii kitu, unaendelea na shughuli zako, unashika simu, unashika usukani, unambeba mtoto, unaenda chooni, na mafuta unayapeleka kote huko. Kesho au kesho kutwa ndo unaona mistari.

Mwaka wangu wa pili hapa nilivuta mtambaa kwenye fensi ya nyumba niliyopanga, sina glavu, shati la mikono mifupi, jua kali, nikawa najifuta jasho usoni kwa kiganja kile kile. Asubuhi ya pili jicho la kulia lilikuwa limefunga kabisa na mikono yote ina mistari iliyoinuka kama mtu aliyechapwa fimbo. Kliniki niliyoenda walinipa vidonge vya siku sita, nikapata nafuu, vilipoisha vipele vikarudi vibaya kuliko mwanzo. Hilo la dawa nalieleza chini kwenye swali la dokta, lisomeni.

Sasa naijuaje?

Wamarekani wana msemo wao wa majani matatu, mimi watoto nawafundisha hivi: majani matatu, usiguse katu. Kwa mtoto unatosha. Kwa mtu mzima hautoshi, kwa sababu mimea yenye majani matatu iko mingi mno na mingi haina neno lolote, ukiiogopa yote hutalima hata bustani.

Mimi naangalia hivi. Kwanza kikonyo cha katikati. Jani la poizoni aivi limegawanyika vipande vitatu, na kile cha katikati kimesimama mbali kidogo kwenye kikonyo chake kirefu, wakati vile viwili vya pembeni vimekaa karibu kabisa na kikonyo kikuu, kama vimebandikwa. Alafu vile vya pembeni havilingani pande zote mbili, upande wa nje ni mpana kuliko wa ndani, na mara nyingi una mkato mmoja unaofanya kama kidole gumba, fikiria zile glavu za baridi za watoto zisizogawa vidole, ya kushoto na ya kulia, dole gumba zote zinaangalia nje.

Pili fuata shina kwa macho uone majani yametokaje. Kwenye poizoni aivi yanapishana, moja limetoka kushoto hapa, linalofuata limetoka kulia juu zaidi, lingine kushoto tena. Hayatoki mawili sehemu moja.

Tatu, haina miiba. Hata mmoja. Wala haina vile vikono vya kujiviringisha kama vya boga au tango, ikipanda mti inajishika kwa vijizizi vinavyoota pembeni ya shina.

Rangi isikudanganye. Majani machanga ya mwezi wa nne ni mekundu na yanang'aa kama yamepakwa mafuta, kiangazi yanakuwa ya kijani, mengine yanang'aa mengine yamefifia, vuli yanageuka mekundu na ya machungwa na ya njano, mazuri kweli, na nishawaona watu wanayaokota ya kupambia meza. Kingo nazo zinabadilika, zingine laini, zingine zina meno machache makubwa. Matunda yake yanakuja mwisho wa kiangazi, madogo kama punje za pilipili manga, meupe yaliyofifia kama nta. Ukiona mmea wa namna hiyo una vitunda vyeupe usiendelee kujiuliza, ondoka.

Dalili nyingine ambayo wengi hawaijui: jani lililochubuka muda linaweza kuwa na madoa meusi yanayong'aa kama tone la rangi au oili chafu. Huo ni utomvu umegusana na hewa ukageuka mweusi.

Kuna mmea mchanga umejiotea nyuma ya nyumba yangu, majani matatu kabisa, nimeogopa. Utakuwa huo?

Inawezekana, ila kwa picha ninazotumiwa huo mara nyingi ni boksi elda, mti wa jamii ya mepo. Ukiwa mkubwa majani yake yana vipande vitano au saba, lakini ukiwa bado mche wa magotini una vitatu na unafanana na poizoni aivi mpaka mtu wa bustani anasimama kuangalia mara mbili. Cha katikati kirefu kidogo, vya pembeni vina meno, kila kitu.

Cha kuangalia ni shina. Boksi elda majani yake yanatoka mawili mawili, moja kushoto moja kulia, sehemu ile ile moja, kama mtu aliyenyoosha mikono yote miwili. Ukiona hivyo, hiyo si poizoni aivi, kwisha. Huhitaji kuhangaika na kitu kingine chochote. Hii sheria ya majani kukaa jozi inaondoa wasiwasi kwenye mimea mingine mingi pia.

Na ule mtambaa wenye majani matano ukutani?

Huo ni Virginia kripa. Vipande vitano vimetoka sehemu moja kama vidole vya mkono, matunda yake ni bluu iliyokolea kuelekea nyeusi, na unapanda ukuta kwa vikono vyembamba vyenye vidonge vidogo vya kugandia mwishoni, ukiangalia kwa karibu utaona ni kama miguu ya mjusi imebandika ukutani.

Shida ni mbili. Ukiwa mchanga majani yake mengine yanatoka na vipande vitatu tu, kwa hiyo usiangalie jani moja, angalia mtambaa mzima, ukikuta ya tano tano juu yake basi umeujua. Na ya pili, hii mimea miwili inapenda sana kuota pamoja, kwenye fensi moja, mti mmoja, imesukana. Umeona tano tano ukafurahi, ukaingiza mkono, kumbe ile ya tatu tatu, poizoni aivi yenyewe, iko katikati. Mimi fensi ya hivyo naivalia glavu moja kwa moja. Halafu huu nao matunda yake si ya kula, na utomvu wake unawasha watu wachache, ila haufikii hata robo ya ule mwingine.

Blakiberi na razberi je? Watoto wanapenda kuchuma.

Hizi ni rahisi, zina miiba au vinywele vikali kwenye shina, na meno madogo madogo kama ya msumeno kuzunguka jani lote. Razberi ukigeuza jani chini ni jeupe jeupe. Wasiwasi wangu ni kwamba poizoni aivi inajificha humo humo ndani ya kichaka cha blakiberi, kwa sababu ndege wanakula matunda yote hayo na wanazipanda mbegu zote mahali pamoja kwa mavi yao. Mtoto akienda kuchuma avae suruali ndefu na soksi, na mtu mzima atangulie kuangalia chini miguuni.

Strawberi za porini nazo zina tatu tatu, ila ziko chini kabisa, ndogo, meno kila mahali. Hamna shida.

Mama yangu anachuma mboga porini. Kuna mmea kauona akasema ni kunde. Ni sawa?

Hapa naomba msome taratibu, mana hili ndo kosa letu sisi, mtu wa hapa hawezi kulifanya kwa sababu hajawahi kula majani ya kunde.

Chukua jani la kunde au la maharage uliweke mezani. Vipande vitatu. Cha katikati kina kikonyo kirefu. Vya pembeni havilingani, upande wa nje mpana. Majani yanapishana kwenye shina. Yaani alama karibu zote nilizosema hapo juu, kunde inazo! Mama aliyelima kunde miaka arobaini akiona poizoni aivi changa ya mwezi wa tano pembeni ya njia jicho lake linamwambia mboga hiyo, na jicho lake halina kosa, kweli vinafanana.

Tofauti ziko hivi. Kunde na maharage kingo zake ni laini, hazina meno wala ule mkato wa kidole gumba. Mtambaa wake unajizungusha wenyewe kwenye mti au kwenye kijiti, poizoni aivi haijizungushi, inapanda imenyooka imejibana kwenye gome. Shina la kunde likiwa refu bado ni laini unakata kwa kucha, la poizoni aivi chini linakuwa gumu la mti. Maua ya kunde yana umbo la kipepeo na baadae unaona maganda, maua ya poizoni aivi ni madogo ya kijani njano yamekaa vishada na huwezi hata kuyaona vizuri.

Huku kuna mmea wa porini wa jamii hiyo hiyo ya maharage, shina jembamba kama uzi linajiviringisha kwenye kila kitu, una tatu tatu, na watu wengi wanauogopa bure. Na majimbo ya kusini kuna kudzu, nayo ya jamii hiyo, majani makubwa kama kiganja yenye nywele laini, unafunika miti na mabanda mazima. Hiyo yote haiwashi.

Lakini kwa mama jibu langu ni moja. Kunde apande mwenyewe, hata kwenye ndoo. Asichume cha tatu tatu porini, kwa sababu akikosea mara moja hataishia kuwashwa mkono, atakuwa amekipika na kukiweka mdomoni.

Nimesikia kuna sumaki (mmea, Kiingereza "sumac", siyo ile ya kunasa chuma) yenye sumu, na sumaki ile Waarabu wanaweka kwenye saladi ni ipi?

Ile ya saladi ni ya jamii ya Rhus, matunda mekundu ya kusaga, na huku kuna ndugu yake anaota pembeni ya barabara kuu, vishada vyekundu vimesimama juu kama mshumaa. Huo hauna shida. Poizoni sumaki ni mti mdogo wa kwenye maji maji na matope, jani moja lina vipande 7 mpaka 13, na matunda yake ni meupe yanayoning'inia. Mekundu yamesimama, salama. Meupe yananing'inia, kimbia. Wengi wetu hatutakutana nao mana nani anaingia bwawani.

Kuna nyingine fupi inaitwa sumaki ya kunukia, hiyo ina vipande vitatu na inachanganya, ila cha katikati hakina kikonyo kirefu, vyote vitatu vimetoka sehemu moja, na matunda yake ni mekundu yenye nywele.

Baridi ikiingia majani yakadondoka si tumepona?

Ndo wakati watu wanaumia bila kujua walikoumia. Mafuta yanabaki kwenye shina na mizizi mwaka mzima, hata mmea ukifa yanabaki.

Bila majani utaujua kwa nywele. Mtambaa mkubwa uliopanda mti unakuwa mnene kama mkono wa mtoto, umejibana kwenye gome, na umeota vijizizi vya kahawia vingi sana kuzunguka, kwa mbali unaonekana kama kamba ya katani iliyochakaa au mkia wa mnyama uliogongomelewa mtini. Kamba ina nywele, usisogee mbele.

Na hapa lazima niseme habari za kuni. Tunapenda nyama choma, tunaenda paki, mtu anasema mkaa umeisha ngoja niokote kuni, anavunja matawi, anabeba kifuani, kumbe kuna vipande vya hiyo kamba vimegandia. Alafu vinatupwa motoni. Moshi wa poizoni aivi unabeba yale mafuta, ukiuvuta unaingia kooni na kwenye mapafu, na huko ndani hupaki losheni. Watu wanalazwa kwa hili. Usichome majani ya uani ambayo huyajui, na kuni za kuokota zikague moja moja au nunua mkaa.

Nimegusa sasa hivi. Nifanye nini?

Acha kusoma, kanawe. Dakika kumi za mwanzo ndo za dhahabu, lakini hata ukichelewa saa moja au mbili bado nawa, kuna mafuta utayapunguza. Maji mengi ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu unapambana na mafuta, fikiria umeshika sufuria yenye mafuta ya gari, sabuni kidogo na maji kidogo unayatandaza tu. Sugua kwa kitambaa, suuza, rudia mara mbili tatu, na chini ya kucha usisahau. Nguo zote zivue ziende mashine peke yake kwa maji ya moto. Viatu, kamba za viatu, simu, ufunguo, mpini wa panga, vifute vyote, haya mafuta yanaweza kukaa kwenye chuma au mpini miaka na bado yakakuwasha.

Usipake jiki, usipake mafuta ya taa, usipake limau. Nimeona mtu kajiunguza kwa jiki juu ya vipele na kidonda kikawa kikubwa kuliko ugonjwa.

Vipele vikishatoka, kitambaa cha maji baridi, losheni ya kalamini, krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1 inauzwa dukani bila cheti, na kuoga maji ya uvuguvugu yaliyotiwa oti zilizosagwa laini.

Mimi nimeshaigusa mara nyingi na sijawahi kuwashwa. Si ina maana damu yangu haishiki?

Hili linawadanganya wageni wote. Mara ya kwanza kabisa mwili haujaijua, kwa hiyo unaweza usipate kitu au ukapata baada ya wiki mbili tatu, umeshasahau hata ulipopita. Ila mwili umeshaandika jina. Mara ya pili au ya tano ndo unalipuka. Inasemekana watu kama 85 kwa kila 100 wana aleji nayo, wachache kweli hawapati, ila hata huyo anaweza kubadilika siku yoyote. Kama umefika Marekani mwaka jana na umeshika ukabaki salama, hiyo bado haijakuambia chochote.

Vipele vyangu vinaenea kila siku. Nitawaambukiza wanangu?

Hapana. Maji ya kwenye malengelenge hayana urushioli, hayaambukizi mtu na hayaenezi vipele mwilini. Mke asimkimbie mume, mtoto abebwe. Vinaonekana vinaenea kwa sababu ngozi nyembamba kama ya ndani ya mkono inatoa mapema na ngozi nene inachelewa, na palipopata mafuta kidogo panachelewa pia. Vikiendelea kutoka vipya kabisa baada ya wiki, basi kuna kitu ndani ya nyumba bado kina mafuta, tafuta kiatu, tafuta glavu, tafuta mbwa.

Kwenye picha za intaneti ni nyekundu, mimi ngozi yangu nyeusi sioni wekundu.

Kwa ngozi yetu wekundu unaweza usionekane, unaona sehemu imeiva nyeusi zaidi, au ya zambarau, au kahawia, na imeinuka. Angalia mistari, mana jani linapokupitia linaacha mstari, na vipele vilivyopangana kwenye mstari ni alama kubwa. Vikipona vinaacha madoa meusi ambayo yanaweza kukaa miezi, yatafifia yenyewe, msianze kupaka krimu za kung'arisha ngozi juu yake. Na ukienda kwa dokta mwambie wazi "niligusa mmea", usisubiri aone mwenyewe, wengine wamezoea kuangalia ngozi nyeupe.

Lini niende kwa dokta?

Ikiwa usoni, machoni, mdomoni, sehemu za siri, au imechukua sehemu kubwa ya mwili, au kuna usaha na homa. Ukiwa umevuta moshi na kifua kinabana, hiyo ni kupiga 911, namba ya dharura, hapo hapo.

Dokta akikupa vidonge vya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) muulize ni vya siku ngapi. Ugonjwa wenyewe unakaa mpaka wiki tatu, ukipewa vya siku tano sita vinaisha wakati mwili bado unapigana na vipele vinarudi kwa hasira, ndicho kilichonipata mimi. Kwa kesi kubwa dozi huwa ya wiki mbili mpaka tatu ikipunguzwa taratibu. Uliza tu kwa heshima, ni haki yako. Na kwa Marekani kuna namba ya bure ya masuala ya sumu, 1-800-222-1222, saa 24, unaweza kuomba mkalimani.

Mbwa wangu anapita humo humo na hana kitu. Na mbuzi?

Mbwa manyoya yanamkinga, lakini anakuletea mafuta mpaka kwenye kochi. Muogeshe na glavu. Mbuzi na kulungu wanaila vizuri tu, na huku kuna watu biashara yao ni kukodisha mbuzi wa kufyeka vichaka hivi, mfugaji wa kwetu akisikia anafurahi sana. Ila mbuzi aliyetoka kula usimkumbatie.

Naiondoaje uani?

Kama umepanga, mwandikie mwenye nyumba kwa meseji ili kuwe na kumbukumbu, na piga picha. Kama ni yako na ni michache, subiri mvua inyeshe udongo ulainike, vaa mikono mirefu, suruali ndani ya soksi, glavu nene za mpira zinazopita kifundo cha mkono (zile nyepesi za mpira za hospitali urushioli inapenya), chimba na mizizi yake, tia kwenye mfuko wa plastiki funga tupa. Usitumie ile mashine ya kamba ya kufyekea, inakurushia utomvu mwili mzima. Ile kamba yenye nywele kwenye mti usiivute, ikate chini uiache ifie huko juu.

Mizizi ikibaki inachipua tena, kwa hiyo utarudia. Na nguvu yake inaongezeka, mwaka 2006 watafiti wa chuo kikuu cha Duke kule North Carolina walitoa matokeo ya msitu waliouongezea hewa ya kaboni dioksidi, poizoni aivi ikakua haraka zaidi na mafuta yake yakawa makali zaidi.

Nipo California, au Toronto. Inanihusu?

California, Oregon na Washington shida yenu kubwa ni poizoni oki, nayo ni tatu tatu ila vipande vyake vina mawimbi ya mviringo, mafuta ni yale yale na huduma ni ile ile. Alaska na Hawaii hamna poizoni aivi. Kanada ipo, Ontario na Quebec ipo sana. Texas, Ohio, Pennsylvania, Maine, Minnesota, kote huko mjichunge.

Ni kweli ina undugu na mwembe na mkorosho?

Kweli kabisa, familia moja, Anacardiaceae, na mng'ongo wamo. Mimi kwetu ni Newala, nimekulia kwenye mikorosho. Bibi alikuwa anapaka mikono mafuta kabla ya kubangua, na mtoto aliyejaribu kung'ata korosho mbichi kwa meno midomo ilikuwa inababuka mpaka inabadilika rangi. Yale mafuta meusi ya kwenye ganda ni jamaa wa karibu wa urushioli. Siku nilipoambiwa hivyo huku nikakumbuka vidole vya bibi, vyeusi kwenye ncha, ngozi inabanduka.

Korosho za dukani zimepitishwa kwenye moto, kuleni. Kwa embe, utomvu wa kwenye kikonyo na ganda ndo wenye shida, nyama yake haina neno. Kama ukila embe kwa kumenya na meno midomo inakuwasha, basi na poizoni aivi uiogope zaidi ya wengine, na kama umeshaumwa na poizoni aivi vibaya, embe lioshe na limenye kwa kisu.

Naweza kukutumia picha?

Tuma. Programu za simu za kutambua mimea zinasaidia ila zinakosea miche midogo, kwa hiyo mimi pia nataka nione mwenyewe. Usipige jani moja kwa karibu, halinisaidii. Simama mbali hatua moja, piga shina lenye majani matatu au manne nione yanapishana au yamekaa jozi, alafu piga pale chini linapotokea ardhini, na kama limepanda mti piga na gome. Mkono wako usiwepo kwenye picha.